Bi Siwatu Yuko Eda

Saa mbili kamili asubuhi, mezatembezi mia mbili zilitoka ukutani na kuteleza juu ya sakafu ya kiwanda cha zamani cha magunia, kila moja ikishika mahali pake. Kwa miaka thelathini jengo lile la Morogoro lilikuwa makao ya popo. Sasa palipofumwa magunia paliuzwa ndizi, vitenge na viungo. Mhandisi Semeni Mkude ndiye aliyebuni Mratibu, akilimashine iliyoliendesha soko. Jicho lake, kuba la kioo darini, lilimtambua kila mchuuzi kwa sura. Meza ambayo mwenyewe hakuonekana ilijiondoa hadi uani, pamoja na bidhaa zake.

Siku hiyo Semeni alikuwa akikagua. Kwenye meza ya viungo alimkuta mwanamke kajitanda kaniki, macho sakafuni.

"Bi Siwatu? Si uko eda?"

Jirani yake, Bi Kibibi muuza dagaa, alimjibia.

"Yuko eda, ndiyo! Mumewe hata arobaini haijafika. Tulisema tutamshikia meza, kama bibi zetu walivyoshikiana. Mashine yako ikaitupa uani mara tatu, iliki zikanyeshewa. Hebu tuambie, mwanangu, huko chuoni kwenu watu hawafi?"

Wachuuzi wakacheka, kicheko cha uchungu. Masikio ya Semeni yakawaka. Kanuni ile aliiandika yeye, mstari mmoja tu, akidhani anawazuia walanguzi wa nafasi. Hakuwahi kukaa sokoni hata siku moja.

Akampigia simu mkurugenzi wa soko papo hapo, sauti ikisikika kwa wote.

"Naomba ruhusa nibadilishe kanuni leo."

"Semeni, tukianza kuhesabu misiba hatutamaliza. Aliyefiwa aachie wengine nafasi."

Kisha Bi Kibibi akavuta kanga yake, akajifunika uso mzima.

"Basi tumefiwa sote."

Muuza ndizi akajifunika. Wa vitenge naye. Wanaume wakavua mashati, wakajifunika nayo nyuso. Jicho likazunguka, likazunguka tena, lisione sura. Meza zikaanza kuondoka moja moja kuelekea uani, na wanunuzi wakizifuata kwa vifijo.

Neno moja la Semeni lingeweza kuzisimamisha. Alilimeza. Alikuwa na hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe. Akamshika Siwatu mkono, akamtoa kwa mlango wa nyuma.

"Rudi nyumbani, mama. Meza yako anayo Bi Kibibi."

Nyuma yao, ndani ya jengo tupu, Mratibu alitangaza kwa sauti ya upole:

"Nafasi mia mbili ziko wazi. Karibuni."