Utando wa Asnath Haukuchanika

Kila jioni, akishamaliza kufagia uwanja na kuwanywesha mbuzi, Asnath alikaa kizingitini mwa nyumba yao huko Mlali akapiga ilimba, ile ala ya vyuma inayochezwa kwa vidole gumba. Babu yake, mzee Bartolomayo, ndiye aliyemfundisha. Kwenye ubao wa ilimba kuna tundu dogo linalozibwa kwa utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui. Utando huo ndio unaoipa ilimba mvumo wake. Ukichanika, sauti hukwaruza mpaka mbwa wanahama.

Shule yao ilitafuta mpigaji mmoja tu wa kwenda kwenye mashindano ya ngoma Dodoma mjini. Asnath aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Rafiki yake Paulina naye aliitaka, lakini hilo halikuwagombanisha. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Hata utando mpya wa ilimba ya Asnath waliutafuta pamoja nyuma ya ghala, na Paulina ndiye aliyeubandika kwa kidole chake mwenyewe.

Ili kusiwe na upendeleo, Mwalimu Matonya aliwarekodi wote wawili kwa simu, walimu wasikilize bila kujua nani anapiga. Siku ya kusikiliza, wanafunzi walisimama madirishani. Paulina, kiranja wa vifaa, alikaa kando ya kisanduku kidogo kinachounganisha simu na spika, akikiendesha.

Rekodi ya kwanza ilitoka safi. Ya pili ilitoka na kelele kali za juu, kama mtu anayekuna sufuria kwa kijiko. Asnath alizitambua nyimbo zake.

"Huo ni utando uliochanika," alisema mwalimu mmoja.

"Nilimwambia Asnath aubadilishe," Paulina alidakia. "Hakunisikia. Ni mvivu tu."

Wenzao waliangua kicheko. Asnath alimtazama rafiki yake akisubiri aseme kwamba anatania. Paulina aliangalia pembeni. Walimu waliisifu rekodi ya kwanza, wakampa Paulina nafasi. Kukosa nafasi kuliuma, lakini kusingiziwa na mtu aliyeubandika utando huo mwenyewe kuliuma zaidi.

Nyumbani, babu aliichukua ilimba, akaigeuza kwenye mwanga. "Utando ni mzima, mjukuu wangu. Kesho mpelekee mwalimu wako aisikie."

Asubuhi Asnath alibisha hodi ofisini. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisikilize dakika moja."

"Marahaba. Haya, piga."

Alipiga. Sauti ilivuma vizuri, haikukwaruza hata kidogo. Mwalimu Matonya alikunja uso, akawasha kisanduku kilichokuwa bado mezani, akarudia rekodi ya Asnath. Ilikwaruza. Akaweka ya Paulina, ile iliyosifiwa jana. Nayo ikakwaruza vilevile!

"Ala!" alisema. "Basi tatizo si ilimba. Hata mimi jana nilikimbilia kulaumu utando."

Aligeuza kisanduku. Nyuma yake swichi moja ilikuwa imezimwa. Aliiwasha, na rekodi zote mbili zikatoka safi.

"Simu huhifadhi sauti kama namba," alimweleza Asnath. "Kisanduku huzigeuza namba kuwa umeme wa kuendesha spika. Lakini umeme huo hutoka kwa vidato kama ngazi, na vidato hivyo huzaa kelele ambazo hukuzipiga. Ndani mna chujio la kuzizuia, kama chujio la chai linavyozuia majani. Nami nilirekodi kwa ubora wa chini ili simu isijae, ndiyo maana chujio likizimwa kelele zinasikika wazi."

Kisha akamwita Paulina. "Nilikuonyesha wewe peke yako swichi hii. Nani aliizima kabla ya rekodi ya pili?"

Paulina alijaribu kusema hajui, lakini machozi yalimtangulia. "Ni mimi. Nilijua atanishinda."

"Ungeniambia tu unaogopa," Asnath alisema. "Tungefanya mazoezi pamoja. Mbona uliniita mvivu mbele ya watu?"



Mchana huo walimu walisikiliza upya, wakamchagua Asnath. Mbele ya darasa zima Paulina alisema ukweli, akaomba radhi, akavuliwa ukiranja. Baadaye alimfuata Asnath mlangoni. "Twende nyumbani wote?"

"Nimekusamehe," alijibu Asnath. "Lakini leo nataka kwenda peke yangu." Akaondoka.

Paulina alianza kulia tena. Mwalimu Matonya alimwekea mkono begani.

"Usimkimbilie," alisema. "Rekodi yake niliitengeneza kwa kidole kimoja. Imani yake kwako uliivunja wewe, na kuirudisha kunataka ukweli wa kila siku. Anza kesho, hata kama hatakuongelesha."