Tramu ya Karatasi

Jua lilikuwa linazama Bibi Thoa alipofika dukani kwa Tuyên, fundi wa vitu vya karatasi wanavyochomewa marehemu, kuchukua tramu yake.

Ilikuwa treni ndogo ya mjini, ya karatasi na fito za mianzi, ndefu kama mkono wa mtu mzima, nyekundu, na mlingoti wake wa umeme juu ya paa. Ndani walisimama watu wawili wa karatasi, dereva mbele na mwanamke mwenye mkoba nyuma.

"Huyu wa pili sikumwagiza."

"Huyo nyongeza, Bibi. Tramu bila mkata tiketi si itajaa wadandiaji?" Tuyên alicheka. "Wenzako wanawachomea marehemu wao simu na magari ya kifahari ya karatasi, wakavitumie huko ahera. Wewe tramu! Jiji ndio kwanza linachimbachimba kuzirudisha, wewe unataka kulitangulia?"

"Mume wangu, Mzee Khoát, hakujua kuendesha kitu kingine."

"Haya. Andika jina lake ubavuni kabla hujaichoma. Isiyo na jina huporwa njiani na roho zisizo na kwao."

Khoát alikufa mwaka uleule tramu za Hanoi zilipoondolewa. Hawakujaliwa mtoto. Tangu hapo Bibi Thoa alikula peke yake akiitazama picha ya marehemu, na miaka miwili hii, moyo ulipoanza kumsumbua, hakuogopa hata kidogo. Kila jioni aliiambia ile picha, "Njoo unichukue, baba. Nimechoka kukaa peke yangu." Hakuwa na ombi jingine duniani.

Uchochoroni kwao mafundi walikuwa wamefumua lami wiki ile, na reli za zamani zikaonekana, zimeliwa na kutu. Aliweka debe la kuchomea karibu nazo, akachukua kalamu. Macho hayakuona vizuri, lakini mkono uliijua kazi. Miaka ishirini, kila asubuhi kabla ya zamu, ulikuwa ukiandika vilevile kwenye daftari la tramu yao.

Dereva: Khoát. Mkata tiketi: Thoa.

Akawasha kiberiti.

Karatasi ilishika moto haraka. Moshi ukapanda... halafu ukanuka vingine. Ulinuka chuma kilichosuguliwa, na tumbaku ya kiko.

Ngi-ling... ngi-ling...

Pikipiki za barabarani zilinyamaza zote kwa pamoja.

Ngi-ling.

Aliujua mguu ule. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kukanyaga kengele, na hiyo ilikuwa ya Khoát.

Tramu ilikuja bila taa, juu ya reli zilizokatika, ikasimama mbele yake. Khoát alikuwa mbele, mkono kwenye mpini, kijana kama siku waliyooana.

"Umekuja," alinong'ona Bibi Thoa. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa furaha. "Nishike mkono nipande."

Khoát aligeuka taratibu.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Ni mimi, Khoát. Thoa."

Alikunja uso, kama alivyokuwa akimkunjia abiria mwongo.

"Thoa yuko nyuma."

Mwanamke akajitokeza mlangoni. Miaka ishirini na mitano, nywele zimesukwa, mkoba begani. Kidoa cha mdomoni kilikuwa cha Bibi Thoa. Tabasamu lilikuwa la Bibi Thoa.

Alipogeuza shingo, ikachakarika kama karatasi.

"Imejaa, bibi," alinong'ona.

Ndani viti vyote vilikuwa vitupu.

Yule mwanamke akavuta kamba. Tramu ikaondoka. Bibi Thoa aliikimbilia akiita, uchochoro mzima, mpaka kona, mpaka barabara kuu ambako pikipiki zilikuwa zikipiga kelele kama kawaida. Aliposimama pale ndipo akagundua kwamba, pamoja na mbio zote zile, hata hakuwa akitweta.

Asubuhi alimsimulia Tuyên. Fundi aliacha mkasi.

"Uliandika majina mawili?"

"Mazoea ya kazi, mwanangu."

"Bibi..." Tuyên alipunguza sauti. "Mtu akizidiwa, ndugu zake huja kwangu nimtengenezee sanamu ya karatasi. Tunaiandika jina lake, tunaichoma. Wajumbe wa kifo wakija kumchukua, wanakuta jina limeshafika, wanamwacha." Alijaribu kutabasamu. "Mimi sijui zaidi ya hapo. Labda ni mambo ya watu tu. Lakini kama ni kweli, si ni bahati hiyo?"

Bibi Thoa alikwenda moja kwa moja hospitali, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kupumzika, na kila ngazi aliyoipanda bila moyo kumsumbua ilimwongezea hofu.

Daktari, kijana mcheshi aliyezoea kumpa dawa zilezile, alisikiliza kifua chake, akatazama mashine, akasikiliza tena.

"Unakula nini siku hizi? Huu moyo wa msichana! Bibi, wewe utatuzika sote."

Bibi Thoa alimshika mkono kwa nguvu.

"Pima tena," alisema. "Mwanangu, nakuomba, pima tena."