Ngozi Katika Sanduku la Hyacinthe

Hadi leo rafiki yangu Hyacinthe hajui ni nani aliyejivua ngozi ndani ya sanduku lile. Alifuga tarantula, buibui mkubwa mwenye manyoya, ndani ya sanduku la plastiki nyumbani kwake Kimanga. Siku moja alimkuta amelala chali, akadhani amekufa, akamzika nyuma ya jiko. Baadaye ndipo alipoambiwa kwamba buibui hulala hivyo anapotaka kujivua ngozi.

Mchana mmoja, umeme ukiwa umekatika, alitoka kazini amechoka, akaingia katika chumba chenye giza kuchukua makala, mkaa wa kupikia. Akasikia mkwaruzo, kama kucha juu ya plastiki. Ndani ya sanduku la buibui, lililofungwa likiwa tupu tangu mazishi, palikuwa na ngozi ya miguu minane, bado laini, pana kuliko kiganja chake.

Mkewe Claire akambeba mtoto wao, Divine, akahamia kwa mama yake, Rugenge.

"Papa Divine, wenzako wanafuga kuku, weye unafuga wafu! Minye sirudi mpaka lile sanduku lichomwe."

Hyacinthe alikubali, lakini mikono ilimkatalia. Claire mwenyewe ndiye aliyekuja kulipeleka motoni. Alisema tu kwamba kwa sanduku lenye ngozi kavu lilikuwa zito mno, na uzito ule ulikuwa ukihama kutoka kona moja hadi nyingine.