Kwa Nini Bei Inapanda?

Kila asubuhi Fundi alifungua chumba chake cha kushonea. Alifagia nyuzi za jana. Aliitia cherehani mafuta. Kisha aliiambia, "Haya bibie, tuanze kazi."

Cherehani haikumjibu. Itajibuje, jamani? Lakini Fundi hakuwa na mwingine wa kumsemesha. Mkewe alikuwa amefariki. Wanawe wawili walifanya kazi miji ya mbali. Walipiga simu Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo."

Basi, yameisha mpaka Jumapili nyingine. Wateja nao waliingia, wakapimwa, wakaenda zao. Mtu anaweza kupima viuno vya mtaa mzima na bado akakosa wa kupiga naye soga. Upweke ni maradhi, msione watu wanatabasamu mkadhani ni wazima.

Dawa ya Fundi ilikuja kwa njia ya simu.

Miaka ya nyuma, kiwanda cha vigae cha mji ule kiliuza hisa kwa wananchi. Hisa ni kipande cha kampuni. Ukiwa nayo, wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Kampuni ikipata faida, inaweza kukugawia sehemu yake. Sehemu hiyo huitwa gawio. Fundi na mkewe walinunua hisa chache, wakazisahau.

Sasa bei ya hisa zile ilianza kupanda. Ikapanda tena. Mtu mmoja aliyejiita Kamanda akafungua kundi la wanahisa kwenye simu, na Fundi akaingizwa.

Lo! Huko ndiko kulikokuwa na watu. Kulipokucha tu, simu ilianza kulia. "Wanahisa, mmeamkaje?" "Mzee Fundi, umeamka salama?" Kulikuwa na mwanamke mmoja mcheshi, jina lake kundini ni Dada Pongezi. Huyo alimtumia Fundi ujumbe wa sauti kila bei ilipopanda. "Hongera mzee wangu! Leo umekuwa tajiri kuliko jana!" Fundi aliusikiliza ujumbe huo mara ya kwanza kwa furaha, na mara ya pili kwa sababu ilikuwa sauti ya mtu.

Alichukua akiba yake, akaongeza hisa. Kundi likamshangilia. Akachukua iliyobaki, akaongeza tena. Wakamwita Mzee wa Busara. Nani asingependa?

Kisha Kamanda akaandika: "Mwezi ujao bei itaongezeka maradufu. Uzeni vitu, nunueni hisa. Atakayechelewa asimlaumu mtu."

Fundi alikuwa na cherehani mbili za umeme na mashine moja ya kupigia overloki, yaani kuziba kingo za nguo zisifumuke. Ndizo zilizosomesha watoto wake. Alitafuta kipande cha boksi, akaandika MASHINE ZINAUZWA, akakitundika mlangoni. Mshonaji mmoja wa sokoni akaahidi kuja Jumamosi na gari kuzichukua.

Siku hiyo hiyo jirani yake aliingia kuchukua sketi. Alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa hisa, yaani ofisi inayowanunulia na kuwauzia watu hisa. Mtaani wote walimwita Karani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Sketi yako hiyo, nimeipunguza kiunoni."

"Asante. Na hilo boksi mlangoni? Unahama?"

"Nahamia kwenye hisa," Fundi alisema, akacheka peke yake.

Karani hakucheka. Aliweka sketi mezani. "Baba, nikuulize swali moja tu. Bei ya hisa za kiwanda inapanda kwa nini?"

"Kwa sababu watu wananunua."

"Na kwa nini watu wananunua?"

"Kwa sababu bei inapanda!"

"Hebu rudia polepole, ujisikie mwenyewe."

Fundi akakasirika, maana ukweli ukimgusa mtu mzima huanza kwa hasira. "We mtoto, sisi tuko watu mia mbili kwenye kundi. Wote wajinga, mwerevu wewe?"

"Sijasema hivyo, baba. Mimi nauza hisa, siwezi kusema hisa ni mbaya. Bei ikipanda inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa povu. Kazi yetu ni kuuliza."

"Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa," Fundi alisema.

"Ni kweli. Lakini hata povu huelea, na hakuna aliyeliunda."

Karani akavuta kigoda, akaketi.

"Iko kampuni moja ya maziwa," alisema. "Bei yake imepanda mwaka wa tatu huu, polepole. Nilisoma taarifa yao ya hesabu. Wanauza maziwa mengi kuliko zamani. Faida imekua. Gawio limekua. Hiyo inapanda kwa miguu yake. Inaweza kushuka nayo, hakuna hisa isiyoshuka. Lakini sababu yake unaiona. Sasa niambie wewe. Kiwanda cha vigae kinauza zaidi?"

"Nitajuaje? Mimi ni mshona nguo."

"Taarifa yao ya hesabu umeiona?"

"Haijatoka."

"Ilitakiwa kutoka lini?"

"Wanasema wiki ijayo. Na wiki ile nyingine walisema wiki ijayo."

Fundi alipokuwa akisema hayo, macho yake yaliangukia rundo la ovaroli za buluu mezani. Zilikuwa ovaroli za wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Yeye ndiye aliyewashonea, miaka yote.

"Mwanangu," alisema polepole. "Zamani nilishona za shifti tatu. Mwaka huu wamenipa za shifti moja. Na nusu yake si mpya. Wameniambia nitie viraka."

"Shifti ya usiku imefungwa, baba. Tangazo liko getini pale, hata gazeti liliandika."

"Najua! Mimi mwenyewe nililalamika. Nilisema kazi imekuwa haba." Alijishika kichwa. "Mchana nalalamika kiwanda kimepunguza watu. Jioni nashangilia hisa za kiwanda hicho hicho. Mimi mtu gani?"

"Mtu kama wengine," Karani alisema. "Wengi hununua hisa kama vile ni karata tu. Wanasahau kuwa nyuma ya karata kuna kiwanda, kuna watu na kazi yao."

"Kwa hiyo bei itashuka kesho?"

"Sijui. Anayekuambia anaijua kesho, mkimbie. Inaweza hata kupanda zaidi. Mimi nasema hivi tu: usiache mbachao kwa msala upitao. Usiuze kinachokulisha ukanunua kitu usichojua kwa nini kinapanda. Na usiweke fedha zako zote mahali pamoja, hata pawe pazuri namna gani."

Karani alichukua sketi yake, akaenda. Fundi alibaki na ovaroli.

Sasa, angekuwa mtu mwingine angenyamaza. Fundi aliwapenda watu wa kundi lake. Aliona ni haki yao kujua. Asubuhi, baada ya salamu, akaandika: "Ndugu zangu, kiwanda kimefunga shifti ya usiku. Taarifa ya hesabu haitoki. Sasa bei inapanda kwa nini? Naomba anayejua anieleze."

Wakamvamia kwa maneno.

"Mzee, umezeeka vibaya."

"Huyu anataka tuuze ili anunue kwa bei rahisi!"

"Mwoga asituharibie shughuli."

Dada Pongezi peke yake aliandika, "Jamani, mzee ameuliza tu." Hakuna aliyemjali. Halafu Kamanda akamwondoa Fundi kwenye kundi.

Kesho yake palikucha. Fundi aliiweka simu mezani, akaitazama. Kimya. Alidhani imezima, akaibonyeza. Ilikuwa nzima. Hakuna aliyeuliza kama ameamka. Fundi alilia, mtu mzima, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakulilia fedha. Alililia salamu.

Mchana Kamanda alimwandikia faraghani. "Mzee, tunakukumbuka. Nunua hisa zaidi, nitumie risiti, nikurudishe nyumbani."

Nyumbani! Hebu fikiria kumwandikia neno hilo mtu mpweke.

Jumamosi mnunuzi alifika na gari dogo la mizigo. Alikuwa mtu wa haraka. Aliingia, akachomoa waya wa overloki ukutani, akaukunja. "Mzee, shika upande ule tunyanyue."

Fundi alishika. Mashine iliondoka mezani. Kichwani alisikia kundi zima likimkaribisha, vigelegele, Mzee wa Busara amerudi. Alizitamani kelele zile kuliko chakula. Kisha akaziona ovaroli zenye viraka.

"Weka chini," alisema.

"Nini tena?"

"Weka chini. Siuzi."

"Mzee! Nimechoma mafuta ya gari kuja hapa!"

"Nitakulipa mafuta yako. Mashine zangu siuzi."

Mnunuzi aliondoka akitukana. Fundi alirudisha waya ukutani. Jioni alikula peke yake, na risiti hakumtumia Kamanda.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Karani. Waliketi na kuzungumza. Karani hakumwamulia. Alimwonyesha tu hesabu. Mwisho Fundi aliamua kuuza hisa zote alizonunua mwaka ule. Zile chache alizonunua na mkewe alizibakiza. Fedha aliyopata, nyingi aliirudisha benki iwe akiba. Kidogo alinunulia hisa za kampuni ya maziwa, baada ya kusomewa taarifa yao ya hesabu mstari kwa mstari.

Mngedhani bei ya vigae ilianguka siku iliyofuata, Fundi akapigiwa makofi. Thubutu! Iliendelea kupanda. Wiki baada ya wiki. Runinga ya duka la jirani ilipotaja bei za hisa, Fundi aliinamisha kichwa.

"Umenifanya bwege," alimwambia Karani.

"Labda. Lakini sababu ya kupanda umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi hujawa bwege. Povu halitoi taarifa siku ya kupasuka."

Fundi alishona. Alishona kimya, siku ndefu, bila salamu.

Hatimaye taarifa ya hesabu ya kiwanda ikatoka. Hasara. Gawio hakuna. Siku hiyo hiyo watu walikimbilia kuuza. Lakini ili uuze, lazima awepo anayenunua, na hakuwepo. Bei ikaporomoka mpaka chini ya ilipoanzia. Hisa zile za zamani za Fundi nazo zilishuka, na iliuma. Lakini akiba ilikuwa benki, na mashine zilikuwa mezani. Za kampuni ya maziwa zilishuka kidogo nazo, kisha zikatulia.

Fundi hakufurahi. Aliwaza wale watu mia mbili.

Siku chache baadaye simu yake ililia. Namba isiyo na jina.

"Mzee Fundi? Ni mimi. Wa kwenye kundi."

Fundi aliijua sauti hiyo kabla mwanamke hajamaliza kusema. "Dada Pongezi!"

"Usiniite hivyo tena, naona aibu. Mimi ni msusi. Nilikuwa na saluni. Niliuza mashine za kukaushia nywele, viti, vioo, kila kitu. Nikanunua hisa. Kamanda amefunga kundi, simu yake haipatikani. Wewe uliuliza, nikakutetea nusu nusu. Nilitaka tu kusema ulikuwa na haki. Nicheke basi."

"Nikucheke nini? Nilikuwa nimeshainyanyua overloki mezani. Ilikuwa mikononi hivi. Na hao wengine, mnapigiana simu?"

"Nani anipigie? Hujapigiwa wewe?"

"Hapana."

"Basi tumebaki hivyo. Watu mia mbili, na hakuna anayemjulia hali mwenzake."

"Saluni yako ilikuwa wapi?"

"Mkabala na benki, pale kwenye mzunguko."

"Pale kwenye mzunguko? Mbona napita hapo kila ninapokwenda kununua uzi!"

Miezi yote ile walipongezana kwa simu, na palikuwa mwendo wa dakika chache.

"Sikiliza," Fundi alisema. "Nimepata sare za shule moja, nyingi. Mashine ninazo, mikono sina. Unajua kushona vifungo?"

"Nikishindwa vifungo, nywele nilisukaje?"

"Njoo kesho. Nitakulipa kwa kila sare. Ukijikusanya, utanunua mashine yako ya kwanza, uanze tena. Hisa tutazungumza baadaye, na kabla ya kununua tutauliza kwa nini."

Alikuja. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa. Alianza kuzungumza mlangoni, kabla ya kuketi. Alisimulia wateja wake, dada zake, bei ya mafuta ya nywele, mwenye nyumba wake. Vifungo vilikwenda kasi na maneno yalivizidi vifungo. Alikuwa hajafika hata nusu ya kisa cha mwenye nyumba, Fundi akainua kichwa.

"Dada yangu, nakuomba kimya kidogo. Napima kola hapa."

Msusi alinyamaza mara moja. Chumba kikatulia. Ikasikika sindano tu ikipenya kitambaa.

Fundi aliivumilia hali hiyo kwa urefu wa kola moja.

"Nilikuwa natania," alisema. "Enhe, mwenye nyumba akasemaje?"