Sahihi ya Wambeti

Siku ya soko Runyenjes, Njoka alikuwa amesimama kwenye meza yake ya mitumba, akinadi sidiria bila haya hata kidogo. Wambeti, mchuma chai aliyevaa sweta ya bluu iliyombana kifuani, alipekua rundo lote, kisha akageuka kwenda zake.

"Siste, umekosa saizi?"

"Saizi yangu hamna. Na ukicheka nitaimwaga hii meza."

Njoka hakucheka. Aliona mikanda ya sidiria aliyovaa ilivyomchimba mabega, akamwomba namba ya simu, na wiki hiyo hiyo akamtafutia sidiria mpaka Nairobi. Mapenzi yakaanzia hapo. Kwa miezi saba simu hazikupoa.

"Malkia wa chai, umekula?"

"Nimekula. Wewe muuza nguo za ndani, umeoga?"

Lakini mgongo haujui mapenzi. Kila jioni Wambeti alitoka shambani mgongo ukimuuma kwa uzito wa kifua, vidole vimekufa ganzi, na chini ya matiti ngozi imechubuka kwa jasho. Alichoka. Akaenda kumwona daktari Embu, akarudi na uamuzi, akampigia Njoka.

"Nitapunguzwa matiti tarehe tano, hospitali ya Embu. Daktari amenieleza yote. Makovu yatabaki, chuchu zinaweza kupoteza hisia, na kwa wiki kadhaa sitabeba kitu kizito."

"Na maziwa ya watoto wangu?"

"Huenda yakapungua. Huenda nisinyonyeshe kabisa. Sikufichi."

"Basi ngoja tuzae kwanza. Mungu alikupa hayo kwa sababu."

"Mungu alinipa na mgongo pia. Huu mzigo, Njoka, hujaubeba hata siku moja."

"Ukikatwa, usinitafute."

"Sawa," akasema, akakata simu. Alilia, tena alilia sana, maana alimpenda yule mwanamume. Lakini tarehe hakuibadilisha.

Asubuhi ya upasuaji, nesi alimletea fomu kitandani.

"Mzee wako yuko wapi aweke sahihi?"

"Kwani matiti ni ya nani, sista? Nina miaka thelathini na moja. Lete kalamu." Akatia sahihi yake, kubwa, mpaka ikapita mstari.

Hapo ndipo Njoka alipoingia, anahema, shati limechomoka.

"Kama umekuja kunizuia, mlango ni huo," Wambeti akamwambia.

"Nimekuja kuomba msamaha. Niliongea ujinga. Jana mama aliniambia aliponizaa aliugua, sikunyonya hata siku moja. Nimelelewa na maziwa ya ng'ombe, na unaona nilivyo."

"Naona. Ndilo linalonitia wasiwasi."

"Wambeti, wanyonye, wasinyonye, mimi nakutaka wewe."

"Na usingekuja, bado ningepasuliwa."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mbio."

Nesi akakohoa. "Hapa kwa jamaa wa karibu pako wazi. Niandike nani?"

"Andika Njoka."

"Uhusiano?"

Njoka akaanza kuchomeka shati, macho chini. Wambeti alimwangalia, hasira ikiwa bado haijaisha yote.

"Andika mchumba, sista," akasema. "Akibisha, ufute."