Nyeupe ya Nyumbani Kwetu

"Fundi, hebu sogea dirishani uniambie hii ni nyeupe gani."

Brashi, kama watu walivyozoea kumwita, alisogea. Ukuta alioumaliza jana magharibi, taa zikiwa zimeshawashwa, sasa ulikuwa umepigwa na jua la asubuhi. Ulikuwa manjano. Si manjano ya kupiga kelele, ni ya kuchachuka tu, kama maziwa yaliyolala.

"Mama, rangi hii niliichanganya nyumbani, nikailinganisha na kipande ulichonipa. Zilikuwa sawasawa."

"Sawasawa wapi, mwanangu? Ndani ya chungu?"

Yule mama mteja alicheka, akamwambia arudie taratibu, hana haraka. Brashi ndiye hakucheka. Mafundi wenzake walikuwa wakimtania kwamba angeweza kutofautisha weupe wa mayai mawili ya kuku mmoja. Leo amekosea nyeupe.

Njiani alifikiria taa za nyumbani kwake. Tangu mkewe aanze kusomea ubunifu wa taa za ndani, nyumba ilikuwa imegeuka. Taa ndefu nyeupe ya darini iliondolewa, zikaja taa fupi zenye vifuniko vya kitambaa, zikawekwa pembeni. Madirisha yakavishwa mapazia mazito. Mkewe alimweleza kwamba chumba kinahitaji mianga mitatu: wa kukienea chote, wa kufanyia kazi na wa kupamba. Sebuleni kwao ulibaki wa kupamba peke yake. Brashi alimtania kwamba ameoa mtu anayesomea giza, naye akajibu kwamba giza nalo lina mafundi wake.

Alipita chuoni anakosoma mkewe, aulize kuhusu taa hizo. Mkewe alikuwa amesema kwamba siku hiyo hana kipindi, lakini mwalimu wa taa alikuwepo, mtu mcheshi, akamkaribisha na kusikiliza mkasa wa ukuta. Kisha akachukua vipande viwili vya karatasi, akafunga dirisha na kuwasha taa ya rangi ya asali, kama zile za nyumbani kwa Brashi.

"Shemeji, kipi cheupe?"

Brashi alitazama kimoja, akatazama cha pili. Hakuona tofauti.

"Chini ya taa hii, nyeupe na manjano hafifu ni mapacha," mwalimu alisema. "Ndiyo maana nawaambia, kabla hujanunua taa jiulize inakwenda kuonyesha nini. Na mkeo ndiye aliyelishika somo hili kuliko wote. Mpaka aliniuliza ni taa gani inaficha manjano kabisa. Nikadhani ana mteja mwenye kuta zilizochakaa."

Brashi alirudi nyumbani kwa hasira. Kumbe mkewe alijua. Alimwona mumewe anachanganya rangi chini ya taa ya uongo, akanyamaza. Maneno ya kumwambia aliyapanga njia nzima.

Alimkuta amejilaza kwenye kochi. Hakumsalimu. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Acha pazia, mume wangu. Tafadhali."

Alilivuta. Akageuka na maneno yake mdomoni, yakaishia hapohapo. Weupe wa macho ya mkewe haukuwepo tena.

"Tangu lini?"

"Nilipoanza kozi. Karibu na hapo."

"Hospitali?"

"Nimekwenda. Dada alinisindikiza. Ni ini, na ugonjwa umeshalimaliza. Wanachoweza ni kunipunguzia maumivu."

"Dada yako anajua. Mimi ninayelala nawe kitanda kimoja..."

"Usinisomee ile methali ya mficha maradhi. Naijua mpaka mwisho wake."

"Basi niambie kwa nini."

Alijiinua kidogo. "Mama yako alipougua, uliacha kumwangalia usoni. Ulikuwa ukichungulia macho yake, miguu yake, sahani yake kama amemaliza. Wewe mwenyewe uliniambia umesahau alivyokuwa anacheka. Nilitaka nikae nawe kidogo nikiwa mkeo, kabla sijawa mgonjwa wako."

"Na mimi nilikuwa nakaa na nani? Jana umekataa chakula, nikakununia nikidhani umedharau mapishi yangu. Nimemnunia mgonjwa. Hilo nalo utaliwekea taa?"

Brashi alitoka, akaketi kwenye ngazi ya mlango katikati ya makopo yake ya rangi. Baadaye simu yake ililia. Ujumbe ulitoka ndani ya nyumba ileile.

"Sina nguvu ya kukuita. Rudi. Nakuogopa ukiwa kimya."

Akaandika: "Nakuja. Nanawa uso."

Alipoingia alisogeza kiti karibu na dirisha, akambeba mkewe na kumkalisha. Alishtuka alivyokuwa mwepesi.

"Sijajitazama kwenye kioo mchana siku nyingi," mkewe alisema. "Niambie. Nina rangi gani?"

"Unataka niseme?"

"Wewe ndiye fundi. Mimi nitajidanganya."

Alimshika kidevu, akaugeuza uso wake polepole kwenye mwanga, akamwangalia bila haraka.

"Machoni ni manjano. Imekolea pembeni, karibu na pua imepoa. Midomo imefifia. Hapa shavuni bado ni wewe."

"Inarudishika?"

"Hapana, mke wangu."

Hapo ndipo mkewe alipolia, kilio ambacho hata dada yake hakuwahi kukisikia, na Brashi akalia naye, paji kwa paji.

Tangu siku hiyo alimuuguza mwenyewe. Mkewe alimfundisha kuweka taa ya kazi kando ya kitanda, isimpige machoni, iangukie kijiko cha dawa. Akikosea aliambiwa arudie mtihani. Akipatia aliambiwa chuo kingempokea, ila karo alipe mwenyewe. Na kila alipozungumza naye alimtazama usoni, hata siku ambazo kutazama kulimkata maini.

Mkewe alifariki adhuhuri moja, akiwa katikati ya kumweleza namna ya kukunja shuka.

Msibani, shangazi mmoja alikaa karibu na Brashi, akamshika mkono. Alimwambia amshukuru Mungu kwamba marehemu alificha mateso yake, kwamba angalau yeye mume hakuyaona.

"Niliyaona, shangazi," Brashi alisema taratibu. "Nilimwona."