Kuku wa Marehemu na Mayai Yasiyo na Ganda

Kila asubuhi seremala alipiga goti mbele ya banda, akaingiza mkono kwenye kiota na kuutoa umelowa ute. Mayai yalikuwa na ngozi tu, hayana ganda. Mengine kuku walikwisha kuyadonoa.

"Wanaomboleza," alimwambia binti yake kwa sauti ya anayesoma risala. "Wanamlilia mama yako."

Tangu mkewe azikwe, hakuwa na wa kulia naye ila kuku hao. Binti yake alikuwa amejikaza, hakutoa chozi.

"Baba, kuku hajui kaburi. Asiyetaga mayai ya maana ni kitoweo. Jumamosi tunachinja."

"Kuku wa mama yako? Nichinje mimi kwanza!"

"Wewe mifupa mitupu, baba. Mchuzi hautanoga."

Seremala alicheka, kisha akaona haya kwa kucheka.

Jumamosi, kisu kikiwa kimekwisha kunolewa, aliingia jirani yao, mama muuza chakula cha mifugo. Alibonyeza yai, likabonyea.

"Shemeji, mnawalisha nini hawa?"

"Mahindi. Wanashiba mpaka wanayumba."

"Na chokaa ya mifugo aliyokuwa akiwawekea marehemu kwenye kopo?"

Baba na binti walitazamana. Walipofagia nyumba baada ya mazishi, kopo lile walilitupa. Walidhani ni vumbi.

"Masikini! Ganda hujengwa kwa chokaa. Kuku akiikosa kwenye chakula, huitoa kwenye mifupa yake mwenyewe, mpaka anaishiwa. Mahindi peke yake hayatoshi. Wapeni chakula cha kuku wa mayai, na pembeni chombo cha chokaa ya mifugo au makombe ya baharini yaliyosagwa. Watajilia kadiri wanavyohitaji. Si chokaa ya ukuta, jamani, ile inaunguza! Na maji safi yasikauke."

"Kwa hiyo hawakuwa wakilia?" seremala aliuliza.

Jirani aliliweka yai chini taratibu. "Hapana, shemeji. Walipungukiwa tu."

Kisu kilirudishwa jikoni. Walifanya kama walivyoelezwa, na baada ya wiki chache binti aligonga yai kwenye ukingo wa sufuria. Likagoma. Akaligonga tena.

"Baba, gumu kama kichwa chako!"

Akatoka kumwonyesha. Alimkuta bandani, ameshika yai lenye joto shavuni. Kuku walikuwa wakipiga kelele za afya, kila mmoja na shughuli zake.

"Basi nimebaki kulia peke yangu," alisema baba.

Binti alikaa chini kando yake, juu ya maranda ya mbao. Ndipo na yeye, kwa mara ya kwanza, akamlilia mama yake.